Ada ya Mbuzi Wanne

Kisu kilichoingia shingoni mwa Bare kilikuwa cha kuchunia ngozi. Aliyekishika ni Abdihafid, kitindamimba wa Fatumo wa Galbet, na sababu yenyewe ukiisikia utatamani kuwazaba vibao wote wawili.

Ilikuwa siku ya mnada. Kwenye soko la mifugo la Garissa madalali hawatangazi bei kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hupeana mikono chini ya shuka, vidole vikasema kila kitu, na wanaosimama kando huambulia kuona nyuso tu. Abdihafid alikuwa ameshikana mkono na tajiri mmoja wa bara juu ya madume kumi na mawili, biashara imekaribia kuiva, Bare, dalali mwenzake, akafika, akaifunua ile shuka mbele ya umati na kutaja bei ya juu zaidi kwa sauti. Watu wakacheka. Kwa dalali, hilo ni sawa na kuvuliwa kikoi sokoni. Abdihafid akampiga ngumi, Bare akamjibu kwa fimbo ya usoni, jino likatoka, na fimbo ilipoinuliwa mara ya pili kisu kilikuwa kimekwisha kuingia. Bare alishika shingo kwa mikono miwili akaketi juu ya kinyesi cha ng'ombe, damu ikimtoka kati ya vidole. Yule tajiri wa bara alitimua mbio, akalisahau hata lori lake.

Bare hakufa. Alishonwa, akakaa wodini, akarudi kwao akiwa hai na hasira zake. Lakini baada ya wiki chache shingo ikaanza kuvimba, na uvimbe wenyewe ulikuwa ukidunda. Madaktari wa Nairobi walisema ukuta wa mshipa mkubwa umechanika ndani, damu imejitengenezea mfuko, na mfuko huo utapasuka siku usiyoijua. Hospitali moja ya Hyderabad, India, ilikubali kumpasua kwa bei nafuu kuliko aliyotajiwa Nairobi, mradi afike upesi.

Hapo ndipo Abdiqani anapoingia, na habari hii ni yake. Huyu ni kaka mkubwa wa Abdihafid. Ana kibanda cha kutuma na kubadilisha pesa katikati ya mji, na ubahili wake ni wa kusimuliwa. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Galbet saa sita mchana, jua la Garissa likimpiga utosini, ili asilipe bodaboda. Kwenye arusi za watu alikuwa akiondoka na vijiti vya meno mfukoni. Hata hivyo, watu walimheshimu, kwa sababu ubahili wake haukuwa wa kwake peke yake. Ukitaka kwenda Dubai kuleta simu, ukitaka kumpeleka mzazi matibabuni, ulimpitia kwanza, naye alikuonyesha ni wapi benki itakunyonya na jinsi ya kuponyoka. Wasafiri humwendea hata leo. Siku hizi huwajibu neno moja tu: lipa.

Kikao cha suluhu kiliketi kwenye ofisi ya serikali. Afisa mwenyewe alikuwa mtu wa bara, kwa hiyo wazee walilazimika kuongea Kiswahili, na Kiswahili cha wazee wetu hakizungukizunguki.

"Hii maneno iko wazi," alisema mzee wa upande wa Bare. "Kijana yenu alitoboa kijana yetu. Sasa nyinyi nabeba yeye mpaka India. Hospitali, ndege, chakula, yote juu yenu. Akisimama, tunakula fidia ya kidonda, tunasoma dua, tunamaliza."

"Na akikufa?" aliuliza afisa.

"Akikufa ni ngamia mia. Hiyo ni mila."

Keynan, kaka yake Bare, alikuwa amesimama mlangoni. Ni pande la mtu, dereva wa malori ya safari ndefu, mikono yake imekomaa kwa usukani. Hakuomba ruhusa ya kusema.

"Wazee wakule ngamia," alisema. "Mimi sikuli ngamia. Bare akikufa, Abdihafid atakufa. Andika hiyo, afisa."

Afisa hakuandika. Wazee walimkaripia Keynan, wakamtaja Mungu, wakamwambia akae chini, naye hakukaa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba amesema ukweli. Abdihafid alisafirishwa siku iyo hiyo kwenda kufichwa kwa jamaa huko Liboi, na mama yake Fatumo akauza mbuzi wake wawili wa maziwa, wale wale waliokuwa wakimpa chai ya asubuhi, ili mchango wa ukoo uanze nyumbani kwake.

Mchango ulikusanywa nyumba kwa nyumba. Mwenye ng'ombe aliuza ng'ombe, mwenye mbuzi aliuza mbuzi, mjane mmoja alileta kuku. Pesa zote ziliwekwa kwenye akaunti ya Abdiqani, na mzee wa ukoo akamshika bega akamwambia maneno ambayo yangefaa kusemwa kwa uangalifu zaidi.

"Adeer, mwanangu, pesa hizi ni jasho la maskini. Usiache hata shilingi iliwe na benki."

Kumwambia Abdiqani hivyo ni kumwambia samaki aogelee. Alilala akiwa na furaha, Mungu amsamehe.

Walisafiri watatu: Bare mwenye shingo iliyofungwa kitambaa, Keynan wa kumuuguza, na Abdiqani wa kushika pesa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Ndani ya ndege Keynan aliketi katikati, na kwa safari nzima alimwambia Abdiqani sentensi moja tu.

"Nikikuangalia usoni namwona ndugu yako. Kwa hiyo usinipe sura yako mara nyingi."

Abdiqani alijibana dirishani akapiga hesabu zake. Alikuwa amebeba dola taslimu za malipo ya kwanza, noti mpya zisizo na kunjo wala mhuri, maana alijua noti chakavu hukatwa thamani ughaibuni. Kwenye uwanja wa ndege wa Hyderabad alikataa kubadilisha zaidi ya nauli ya teksi, kwa sababu vibanda vya uwanjani humkamua mgeni. Hospitalini mashine ya kadi ilimuuliza kama angependa kulipia vipimo kwa shilingi za Kenya au kwa rupia. Mtu mwingine angechagua shilingi kwa kuizoea. Abdiqani alibonyeza rupia, kwa vile alijua kwamba ukichagua pesa ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayejipangia bei ya kubadilisha. Kwenye mashine ya benki alitoa pesa mara moja, nyingi kwa pamoja, badala ya kuchomoa kidogo kidogo na kutozwa kila mara. Kwa wiki nzima hakukosea hata mara moja, na lazima tumpe haki yake.

Tatizo ni kwamba hakujua wapi pa kuacha. Siku moja Bare alitoka kwenye kipimo akiwa amelegea, jasho linamtiririka, na Keynan akasema waite teksi. Abdiqani akasema hosteli iko karibu, watembee taratibu. Keynan alimgeukia akamchapa kofi mbele ya wauza matunda, kofi zito, kofia ya Abdiqani ikaruka hadi kwenye mtaro.

"Ndugu yangu anatembea na bomu shingoni," alisema, "na wewe unahesabu nauli!"

Abdiqani aliokota kofia yake, akaipangusa, akaita teksi. Ndani ya teksi Bare alicheka kwa mara ya kwanza tangu Garissa. Alicheka kwa tahadhari, kiganja kikiwa juu ya uvimbe, kama anayezuia kifuniko.

"Muache, Keynan," alisema. "Huyu akifa atamuuliza Malaika wa mauti kama kuna punguzo."

Bare hakuwa mtu mbaya. Hilo lilimuumiza Abdiqani kuliko kofi. Alikuja akiwa amejiandaa kumchukia, na sasa alikuwa akimpakulia uji.

Siku ya Alhamisi daktari aliwaita. Vipimo vimekamilika. Upasuaji Jumamosi asubuhi, na kabla ya hapo hospitali ipokee salio lote, dola elfu sita. Aliweka kidole kwenye picha ya shingo, pale kwenye mfuko wa damu.

"Ukuta wake umekuwa mwembamba sana," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Huu ukipasuka, hata lifti hatutaiwahi. Jumamosi msichelewe."

Keynan hakukielewa Kiingereza chote, lakini kidole alikielewa.

Pesa zilikuwepo. Ziko kwenye akaunti, na kadi iko mfukoni, ndani ya kipochi cha plastiki kilichoshonewa kwenye fulana. Angeweza kuipitisha kwenye mashine pale pale Alhamisi, jambo likaisha. Lakini kwa kiasi kikubwa namna hiyo, benki ingekata ada yake ya matumizi ya nje na kujiongezea kwenye bei ya kubadilisha. Abdiqani alipiga hesabu kichwani: shilingi elfu thelathini na ushee. Huko nyumbani, hao ni mbuzi wanne. Akawaona wale mbuzi, akaona hata nyumba walikotolewa.

Naye alikuwa na njia yake. Yarrow, mfanyabiashara wa vitambaa pale Garissa, hununua mzigo kwa mzee mmoja Mwislamu wa Hyderabad, na daima huwa na deni kwake. Kwa hiyo mzee angempa Abdiqani rupia mkononi, Abdiqani angemtumia Yarrow shilingi kwa simu, na deni la Yarrow kwa mzee likapungua kwa kiasi hicho hicho. Pesa hazivuki mpaka, benki haioni kitu. Watu wetu wameishi hivyo miaka na miaka. Abdiqani alimpigia yule mzee simu, na mzee akasema pesa zipo, hakuna tatizo, lakini siku hizi za mwisho wa mfungo duka lina wateja hadi mlangoni.

"Njoo asubuhi ya siku ya pili baada ya mwezi kuandama," mzee alisema. "Idi yenyewe nitakuwa kwa watoto wangu."

Abdiqani akaona kwamba mwezi ukiandama jioni ile, mambo yamejipanga yenyewe.

Alhamisi hiyo jioni simu zililia kutoka Garissa. Mwezi umeandama! Kesho ni Idi! Ijumaa asubuhi Abdiqani na Keynan walikula mchana kweupe, kama watu wa kwao, na Abdiqani akanunua halua akamlisha Bare kwa kijiko wodini, alikolazwa kusubiri upasuaji. Mgahawa uliokuwa chini ya hosteli ulikuwa umefungwa, na mwenyewe ameketi kibarazani akiwa bado amefunga. Abdiqani alimpita akamsalimu. Alimwona, na hakujiuliza. Kwake yeye mwezi ni ule ulioandama nyumbani. Alipiga hesabu: leo Idi, kesho Jumamosi ndiyo siku ya pili, duka litafunguliwa.

Mchana alimpigia simu Abdihafid huko Liboi.

"Idi njema, walaal," alisema. "Kesho asubuhi wanampasua. Mambo yamekwisha. Nenda ukamwone hooyo, amekulilia mno. Hakuna atakayekugusa sasa."

"Una hakika?" Abdihafid aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Wallahi. Nenda ukale Idi kwa mama yako."

Jumamosi alfajiri Abdiqani alitoka na begi tupu mgongoni. Barabara zilikuwa zimejaa watu. Wanaume wamevaa kanzu mpya, watoto wamepakwa manukato, wote wakielekea msikitini wakiitikia takbiri, Allahu Akbar, Allahu Akbar, na kila mtu akimkumbatia mwenzake. Alitembea kati yao kwa muda, akisukumwa huku na huku, kabla ya kuelewa. Hapa mwezi ulikuwa umeandama usiku wa jana. Idi ya watu hawa ndiyo kwanza inaanza.

Duka la vitambaa lilikuwa na kufuli. Alilipiga bati la mlango kwa ngumi hadi vifundo vikachubuka, akajua anajisumbua bure. Alipopiga simu, mzee alicheka kwa upole akamtakia Idi njema.

"Kesho, mwanangu. Kesho saa ya kufungua. Leo hata funguo siko nazo."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu huyu alipojiangamiza. Kadi ilikuwa kifuani pake. Muda ulikuwepo. Angerudi hospitalini, angelipa, angekatwa wale mbuzi wanne, na Bare angeingia chumba cha upasuaji asubuhi ile ile. Alisimama mbele ya lile bati na kuwaza. Shingo imedunda wiki ngapi bila kupasuka? Siku moja ni nini? Akawakumbuka mjane na kuku wake, akakumbuka mkono wa mzee begani. Alirudi hospitalini akamwomba karani wa malipo asogeze upasuaji. Karani akasema Jumapili daktari hayupo, labda Jumatatu. Abdiqani akasema Jumatatu ni sawa.

Alisema ni sawa. Shingo haikuwa yake.

Muuguzi ndiye aliyempasulia Keynan habari, kwa ishara na Kiingereza cha kuungaunga, alipokuja kumvua Bare mavazi ya upasuaji. Keynan alishuka ngazi akiwa peku. Alimkuta Abdiqani ukumbini, kwenye viti vya kusubiria. Alimnyanyua kwa kola akamgonga kichwa ukutani, mara moja, mara mbili, picha ya maua ikaanguka ikavunjika. Alimpiga ngumi ya tumbo, na Abdiqani alipojikunja akampiga goti la uso. Pua ilivunjika kwa sauti. Wanawake walipiga mayowe. Mlinzi mmoja alikuja mbio, Keynan akamsukuma akaangukia meza ya maua.

"Kadi iko wapi?" alinguruma. "Waryaa, kadi iko wapi?"

Alimchania shati, akaipata fulana, akakiona kile kipochi, akakinyofoa pamoja na kitambaa. Aliichomoa kadi akamshindilia Abdiqani mdomoni, kati ya meno, ikamchana ufizi.

"Itafune! Si unaipenda? Itafune!"

Abdiqani alikuwa akilia. Aliitoa kadi mdomoni.

"Nalipa," alisema. "Nalipa sasa hivi. Niachie, nalipa."

Keynan alimburura hadi kwenye dirisha la malipo, akamweka mbele yake akiwa amemshika ukosi. Karani alikubali kumpigia daktari simu. Daktari alikuwa bado yumo jengoni, angeweza kurudi. Aliingiza kiasi kwenye mashine akaisukuma chini ya kioo. Damu ya pua ilikuwa ikidondoka juu ya vitufe. Abdiqani alichomeka kadi. Mashine ikamuuliza: shilingi za Kenya, au rupia?

Kidole kikasimama. Ukimuuliza hata leo kwa nini, atakuambia hajui. Pua imevunjika, kuna mkono shingoni mwake, na bado kichwa chake kilianza kulinganisha bei. Ilikuwa pumzi moja tu. Kabla hajabonyeza, kengele ililia juu, miguu ikasikika ikikimbia, na mwanamke akapiga ukelele ngazini.

Keynan alimwachia. Wote wawili walipanda mbio.

Bare alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa akijaribu kuvaa shati lake mwenyewe, na mkono mmoja ulikuwa bado umenaswa kwenye mkono wa shati. Shingo ilikuwa imepasuka. Damu haikuwa ikitiririka, ilikuwa ikiruka, ikigonga pazia, ikigonga ukuta, kila pigo la moyo na mruko wake. Wauguzi wawili walikuwa wameikandamiza kwa taulo, na taulo zenyewe zilikwisha kulowa. Bare alimtazama kaka yake, akafungua mdomo, na badala ya neno ikatoka damu. Abdiqani naye alijitupa akashindilia mikono yake juu ya ile ya wauguzi. Aliusikia mshipa ukimpiga viganjani kwa nguvu, halafu polepole, halafu haukupiga tena.

Alizikwa siku iyo hiyo alasiri, kwenye makaburi ya ugenini, akisindikizwa na watu asiowajua, wengi wao wakiwa bado na nguo za Idi. Walioshuka kaburini kumlaza ni Keynan na Abdiqani, kwa sababu hakukuwa na wengine wa kwao. Walimpokea, wakamgeuza upande wa kibla, wakafungua kamba za sanda. Walipokuwa bado wamesimama mle ndani, mabega yakigusana, Keynan aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ilikuwa ngapi?"

"Nini?"

"Ile uliyokuwa ukiiokoa."

Abdiqani alitazama sanda. "Mbuzi wanne."

Keynan aliitikia kwa kichwa, kama anayekubali bei.

"Ndugu yako alimchoma kisu mara moja tu," alisema. "Aliyekizungusha ni wewe."

Alipanda juu, akapangusa mikono, akapiga simu nyumbani. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Alisema Bare amekufa, pesa zilikuwepo, hazikulipwa. Abdiqani alichomoa simu yake, akampigia Abdihafid, haikupokelewa. Akapiga tena. Akampigia mama yake, akampigia Yarrow, akawapigia wazee, akipiga kelele kati ya makaburi hadi watu wakamshika wakidhani ni kichaa cha msiba. Wazee walisema atulie, wanakwenda kuonana na wenzao, hakuna atakayevunja ahadi iliyowekwa mbele ya serikali.

Abdihafid alikuwa amekwisha kufika Galbet. Alikula Idi kwa mama yake Ijumaa, na siku ya pili akabaki, kwa sababu kaka yake alikuwa ameapa. Walimkuta uani, ametandika mkeka, anakunywa chai. Binamu wawili wa Bare waliingia na bunduki moja. Risasi ya kwanza ilimpata begani, akainuka akakimbilia mlango wa jikoni. Ya pili na ya tatu zilimpata mgongoni. Alianguka juu ya mama yake aliyekuwa akitoka na sahani ya halua, na Fatumo alipojitoa chini yake alikuwa mwekundu kutoka kifuani hadi miguuni. Yule wa bunduki hakukimbia. Alingoja hadi alipohakikisha kwamba Abdihafid amekufa, ndipo akaondoka.

Wazee wa pande zote mbili waliketi upesi wiki iliyofuata, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mabishano. Mtu kwa mtu. Hakuna ngamia, hakuna fidia ya kidonda, hakuna deni. Fatiha ikasomwa. Mimi nisingeiita amani, lakini ndilo jina waliloipa.

Abdiqani alirudi na pua iliyopinda. Zile dola elfu sita hazikuguswa. Ziko kwenye akaunti kama zilivyoondoka, na mzee wa ukoo akasema zilizotumika zimekwenda, kwa hizo zilizobaki kila mtu arudishiwe chake. Walikutana uani kwa Fatumo, kwenye mkeka ule ule uliosuguliwa kwa mchanga usitakate. Abdiqani alitoa noti kutoka kwenye mfuko, akamhesabia kila mwenye nyumba. Mwenye ng'ombe alichukua, mwenye mbuzi alichukua. Mjane wa kuku alichukua, akamwombea dua. Mtu mmoja, na ninamjua, alisema kwa sauti ya chini kwamba angalau benki haikula.

Mwisho akabaki Fatumo, ameegemea mlango wa jikoni. Abdiqani alipiga magoti mbele yake, akaweka noti za mbuzi wawili wa maziwa mapajani mwake. Hakuzitazama. Alizisukuma kwa kiganja, moja baada ya nyingine, hadi zote zikaanguka chini.

"Hooyo, ni zako," alisema Abdiqani. "Kila mtu amerudishiwa chake."

"Nimeona," alisema Fatumo. "Sasa na mimi nirudishie changu."